Kuvuka Unguja kwenda Pemba kwa boti wakati wa mvua na kusi: mwongozo kamili kuanzia tiketi mpaka gati la Mkoani

Watu wengi wakitaka kwenda Pemba wanapanga nauli na zawadi za wazee basi, bahari yenyewe hawaipangii, alafu mwezi wa sita unamkuta mtu anashuka Mkoani, bandari ya Pemba, kakunjamana kama nguo iliyokamuliwa, mtandio umelowa, mkononi kashika nailoni hajui aitupe wapi. Mie ni Mpemba nakaa mjini Unguja, nyumbani naenda kama mara nne kwa mwaka na mara nyingi inaangukia kwenye mvua maana harusi na misiba haiangalii masika. Nimetapika sana miaka ya mwanzo. Siku hizi sitapiki, na siyo kwamba nimezoea, ni kwamba nimejua chombo kinapita wapi na upepo unatoka wapi. Na jambo moja nalitanguliza kabisa kwa sababu ndio linawaangusha wengi: msimu wa kusi, yaani ule upepo wa kusini mashariki, safari ngumu ni ya kurudi, siyo ya kwenda. Kwa hiyo kurudi ndio kunapangwa kwanza. Sababu zinakuja.

Hatua ya 1: ijue njia yenyewe

Kutoka bandari ya Malindi pale mjini Unguja mpaka Mkoani ni kama kilomita 100 hivi. Boti inatoka mjini inapanda kaskazini, Unguja iko mkono wako wa kulia, unakipita kisiwa cha Tumbatu, unafika usawa wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kwenye mnara wa taa. Kipande hiki cha kwanza kwa boti ya kasi ni kama saa nzima na utaona kila mtu ana raha, watoto wanakimbizana kati ya viti, mama anafungua kibakuli cha kachori, kijana anacheka na simu. Ni kwa sababu kusi inapiga kutoka kusini mashariki na kisiwa kizima kimekaa katikati yako na upepo. Yaani bado uko nyuma ya ukuta.

Ukishaupita mnara wa Nungwi ukuta umekwisha. Kuanzia hapo mpaka uikaribie Pemba ni bahari wazi, zaidi kidogo ya nusu ya njia, na ndio hapo panapoitwa mkondo wa Nungwi, mabaharia wakipataja utasikia sauti inabadilika. Unguja imekaa kwenye maji mafupi yaliyoungana na bara, lakini Pemba imesimama peke yake kwenye kina kirefu sana, na baina ya visiwa viwili bahari kuu inaingia bila kizuizi chochote. Alafu kuna maji ya pwani yetu yanayokwenda kaskazini mwaka mzima, msimu wa kusi yanazidi kasi. Weka na kujaa na kupwa juu yake. Maji yakiwa yanakwenda upande mmoja na upepo unakuja kinyume chake wimbi linasimama wima, fupi fupi, limekaribiana, na hilo ndilo linalolevya kuliko wimbi kubwa refu la polepole.

Sasa angalia. Unakwenda Pemba mwezi wa saba, kusi iko nyuma yako na upande wa kulia, wimbi linakuja kwa nyuma linaisukuma boti, chombo kinayumba na kuteleza, tumbo halifurahi lakini hakuna kishindo. Siku ya kurudi ni boti ile ile na bahari ile ile ila omo, yaani pua ya boti, limeelekezwa kwenye upepo, sasa chombo kinapanda wimbi kinaanguka, kinapanda kinaanguka, ule mshindo unaousikia chini ya miguu kama mtu anapiga bati kwa gogo. Kaskazi, yaani upepo wa kaskazini kuanzia Disemba mpaka Machi hivi, mambo yanageuka, kwenda ndio unakuta uso kwa uso. Wageni hawalijui hili, wanakwenda vizuri wanasema ah kumbe maneno tu, wanarudi bila dawa bila mpango, basi.

Na kingine ambacho watu wanachanganya: mvua na mawimbi ni vitu viwili. Masika, Machi mpaka Mei, unaweza kuvuka mvua inamwagika hata Tumbatu huioni na bahari chini imelala kama maji ya kisimani, kwa sababu hakuna upepo. Alafu kipupwe, Juni mpaka Agosti, jua linawaka vizuri tu, kijibaridi safi, mbingu bluu, na huko Nungwi panachemka. Ukiona mbingu nyeusi usikimbilie kughairi, uliza upepo kwanza. Mwezi wa tano ndio wenye vyote viwili kwa pamoja, mvua bado haijaondoka na kusi ishaingia, na kama una hiari ya tarehe huo uruke.

Hatua ya 2: siku tatu kabla, angalia upepo

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inatoa utabiri wa bahari na tahadhari, zinawekwa kwenye mitandao yao na redioni pia. Ukisikia ile sentensi yao ya "upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayozidi mita 2" na Unguja na Pemba zimetajwa, hapo unajua safari itakuwa ya kutapisha au haitakuwepo kabisa. Mita mbili mtu anasikia ndogo, anafikiria ukuta wa uani kwake. Lakini kipimo hicho ni cha wastani wa mawimbi makubwa, ndani yake yanakuja mengine yanayozidi, na boti inayapanda moja baada ya jingine kwa zaidi ya saa.

Mimi naangalia pia Windy, programu ya upepo kwenye simu. Kosa la watu wengi wanaangalia hali ya mjini, Malindi, mjini hamna shida siku zote. Weka kidole juu ya Nungwi, tena baharini kaskazini yake, siyo kijijini, uangalie saa ile ambayo boti itakuwa pale. Alafu angalia mwezi: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakwenda kwa nguvu, maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, mambo yanapoa. Kama una hiari ya siku mbili na upepo ni sawa sawa, chukua ya maji mafu. Wavuvi hawana programu yoyote na hili wanalijua tangu utotoni, ukipata mvuvi wa Nungwi au Mkokotoni wa kumpigia simu hiyo ni bora kuliko vyote.

Safari zikisimamishwa usigombane na mtu. Mwezi wa tano 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya boti zilifungwa, watu walikwama wakalalamika sana, mie nilikuwa mmoja wao, na baadae nilijiona mpumbavu. Sisi huku hatuna haki ya kusahau. Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejaa watu na mizigo kupita kiasi, zaidi ya watu 200 walithibitika kufa na wengine wengi hawakuonekana tena. Boti ya Skagit ikafuata tarehe 18 Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe ikitokea Dar es Salaam, siku ya upepo mkali. Zote mbili miezi ya kusi. Mtu akikwambia leo chombo hakitoki, sema alhamdulillah urudi nyumbani ukalale.

Hatua ya 3: tiketi, na swali la kuuliza kabla hujalipa

Kuna boti za kasi, zile zinazofika kwa saa mbili na nusu mpaka tatu hivi bahari ikikubali, na kuna meli kubwa za kubeba magari na mizigo ambazo zinakwenda pole pole. Boti ni shida kali lakini fupi. Meli kubwa inayumba taratibu, kwa upana zaidi, lakini muda mrefu, na kama tumbo lako linaanza kukorofisha baada ya saa tatu basi umejinunulia saa tatu nyingine. Mie nachagua boti. Mama yangu anachagua meli kwa sababu anapata pa kujinyoosha, hatujawahi kukubaliana.

Mjamzito aliyekaribia, mtu aliyetoka kufanyiwa operesheni, mzee mwenye mgongo au moyo, mwezi wa saba mpandisheni ndege mkiweza. Kutoka uwanja wa Unguja mpaka wa Pemba ni kama nusu saa. Ni ghali ndio, lakini kile kishindo cha kurudi siyo cha mgongo wa mzee.

Tiketi nunua kwenye ofisi za kampuni pale bandarini au kwa njia ya simu na mtandao, siyo kwa kijana aliyekufuata barabarani. Jina liwe lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, maana wanakagua, na bei ya mkaazi na ya mgeni hazilingani kwa hiyo kitambulisho usikiache. Karibu na Idi zote mbili na skuli zinapofungwa, wiki moja kabla siyo mapema. Swali la kuuliza kabla pesa haijatoka: safari ikiahirishwa kwa hali ya hewa narudishiwa au nahamishiwa siku nyingine, na nifanye nini ili nihamishiwe? Uliza hivo hivo. Mimi mwaka mmoja sikuuliza, boti ikaghairishwa, nikarudi kesho yake nikaambiwa ilitakiwa nije jana ile ile nigongewe muhuri, na kampuni siitaji hapa, lakini nauli ya watu watatu ilikwenda hivo.

Na siku ya kurudi uache nafasi. Kama kazini unatakiwa Jumatatu usikate tiketi ya Jumapili, kata ya Jumamosi au hata Ijumaa. Kama una ndege ya kwenda Dubai au Muscat kuanzia Unguja, acha siku mbili nzima. Hii ndio maana nimesema kurudi kunapangwa kwanza: unaanza na siku ambayo lazima uwe mjini, unahesabu kurudi nyuma, ndio unapata siku ya kwenda.

Hatua ya 4: mizigo

Boksi la karatasi na mvua havikai pamoja. Nililiona hili kwa macho yangu, bibi mmoja mbele yangu kwenye ngazi ya boti, boksi kafunga kamba vizuri kabisa, ndani kiroba cha sukari na mafuta na nguo za mjukuu, kitako cha boksi kimekaa kwenye maji ya gati dakika ishirini tu, kakanyaga ngazi ya tatu kitako kikaachia. Kiroba kikapasuka kwenye chuma. Ile sukari ilivyokuwa inashuka na maji ya mvua, nyeupe alafu inapotea, na yeye kasimama tu anaangalia na watu nyuma wanapiga kelele apande.

Tumia ndoo yenye mfuniko, ile ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa, hamna mzigo bora kuliko huo kwa safari hii. Haipenyi maji, inabebeka, ukifika unaigeuza kiti, na nyumbani wataitaka. Nguo zitie kwenye nailoni nzito kwanza ndio uzitie kwenye begi. Andika jina kwa makapeni kwenye ndoo na kwenye begi, mabegi meusi yako mia na yote yanafanana.

Begi dogo la kukaa nalo wewe: tiketi na kitambulisho na simu ndani ya nailoni ya kufunga, dawa, maji chupa ndogo, ndimu mbili, tishu, nailoni tatu au nne za kutapikia hata kama wahudumu wanagawa maana siku ya kusi zinakwisha, sweta, soksi, kanga kavu moja. Kama una mtoto ongeza nguo kamili ya kubadilisha, yake na blauzi yako wewe, maana mtoto akitapika hatapiki kwenye nguo zake.

Sweta siyo mzaha. Baridi ya safari hii inatoka kwenye kiyoyozi. Umelowa kwenye foleni, umeingia ndani, milango imefungwa kwa sababu ya mvua, kiyoyozi kimewashwa kama cha mochwari, na utakaa hapo saa mbili na nusu na nguo mbichi. Baridi hiyo inaleta kichefuchefu kabla hata boti haijang'oa nanga. Badilisha juu au jifunge kanga kavu, vaa soksi, ndio ukae.

Wakati wa kurudi watu watakupa vitu, embe, muhogo, samaki wa kukaanga, pokea. Karafuu usipokee, hata kimfuko cha kilo mbili cha mjomba. Biashara ya karafuu iko mikononi mwa shirika la serikali na kusafirisha bila kibali ni magendo, utabaki bandarini unajieleza na boti inaondoka.

Hatua ya 5: tumbo

Jana yake usiku kula wali wako kawaida lakini mapema, usilale na njaa na usilale saa nane. Asubuhi siyo kweli kwamba ukienda na tumbo tupu hutapiki, utatapika nyongo na hiyo inauma zaidi. Kula kidogo na kikavu: slesi mbili za boflo, ndizi mbivu moja, chai ya rangi yenye tangawizi. Acha maziwa, acha maandazi yanayochuruzika mafuta, acha supu ya pweza. Na urojo wa jana jioni pale Forodhani, wallahi nakuomba.

Dawa ziko kwenye maduka ya dawa, zinazotumika sana ni promethazine na cinnarizine, muulize mfamasia ipi inakufaa wewe na kiasi gani. Promethazine inalaza sana, mie naimeza saa moja kabla ya kupanda, na ukifika usishike usukani wa gari wala pikipiki. Mtoto chini ya miaka miwili hapewi hiyo. Mjamzito na mtu mwenye dawa zake za kila siku amuone daktari kwanza. Kosa kubwa ni kungoja: mtu anaanza kulewa ndio anatafuta kidonge, anakimeza, anakitapika kizima dakika tano baadae, alafu anasema dawa hazifanyi kazi.

Tangawizi ya kutafuna inasaidia baadhi ya watu. Ndimu unaikwaruza ganda kwa kucha unainusa, haizuii kutapika ila inaua harufu ya jirani yako, na ukweli ni kwamba nusu ya watu wanaotapika ndani ya boti wanatapikishwa na jirani.

Hatua ya 6: bandarini

Fika saa moja na nusu kabla. Mvua ikinyesha foleni inajikunja, kila mtu anataka pa kujikinga, na walio nje ya paa ndio wa mwisho kupanda na wa mwisho kupanda ndio wanaopata viti vya mbele. Hamali mkubaliane bei kabla hajanyanyua kitu, "shilingi ngapi mpaka ndani ya boti?", siyo mpaka mlangoni. Mwangalie namba yake na usimuache atangulie mbali. Mwavuli pale hauna kazi, unamchoma mwenzako jichoni na upepo wa gati unaugeuza, koti la mvua la nailoni la bei rahisi ndio lenyewe. Viatu raba au sandali ya kamba, ndara zinateleza kwenye chuma chenye maji.

Wakati unasubiri hesabu kwa macho. Ukiona chombo kinaendelea kupakia na ndani watu wamekaa mpaka kwenye ngazi na njia za kupita, usipande, au kama ushapanda shuka. Najua ni rahisi kuandika, mama yako anangojea Wete. Lakini shuka.

Hatua ya 7: kiti, hapa usifanye aibu

Fikiria bembea ya ubao ya watoto. Anaekaa mwisho anapanda na kushuka, anaekaa katikati hatikisiki sana. Boti ni hivo hivo: mbele ndio kunapanda na kuanguka zaidi, juu ndio kunayumba zaidi. Kwa hiyo kaa ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, karibu na njia na siyo mbali na mlango. Wageni wanakimbilia mbele kwenye kioo waone bahari. Waache.

Nje nyuma kwenye deki yenye paa ni pazuri kama mvua haiingii, upepo safi unashinda dawa yoyote, ila moshi wa injini ukigeukia kwako hamia upande wa pili haraka. Deki ya mbele ya wazi usikae kabisa kipande cha Nungwi, hata jua liwe linawaka. Januari 2014 wimbi lilipanda mbele ya boti moja eneo hilo la Nungwi ikitokea Pemba, likachukua abiria waliokuwa wamekaa pale.

Ukishakaa, kabla hujatoa simu, tafuta boya la kujiokolea, lile la kuvaa, liko wapi. Chini ya kiti au juu kwenye kabati. Litoe kama wanaruhusu au angalau liguse, uone kamba zinafungwaje. Mtoto ana la kwake dogo, la mkubwa linamvuka kichwani, muulize muhudumu yale ya watoto yako wapi kabla hamjaondoka maana baada ya Nungwi muhudumu ana kazi ya kugawa nailoni. Hesabu viti mpaka mlango wa karibu. Hii yote ni dakika mbili.

Hatua ya 8: njiani

Saa ya kwanza ndio ya kwenda msalani, kubadilisha mtoto, kunywa maji, kumaliza mambo yote. Mimi ikifika usawa wa Tumbatu nafunga kila kitu, simu naweka mfukoni, navaa sweta, nailoni moja naifungua kabisa naiweka mapajani. Simu ndio adui mkubwa, macho yanasoma kitu kilichotulia na sikio la ndani linasema tunazunguka, ubongo unachanganyikiwa tumbo ndio linalipa.

Ukiweza kuona nje, angalia mbali pale bahari inapokutana na mbingu. Lakini siku ya mvua kioo kimejaa maji na nje ni kijivu kitupu, hapo hamna cha kuangalia, kwa hiyo funga macho, kichwa kiegemeze kwenye kiti kisicheze, pumua taratibu kwa pua, mikono mapajani. Usimuangalie anaetapika. Usiinuke kabisa, watu wanavunjika mikono kwa kuinuka wakati boti inaanguka. Ukizidiwa kutapika tapika, usishindane, funga nailoni vizuri, suuza mdomo, kunywa kijiko kimoja cha maji siyo chupa nzima. Baada ya hapo wengi wanapata nafuu wanalala.

Mtoto mlaze mapajani ubavu, siyo chali. Mzee wako muulize kila baada ya muda, "Shikamoo bibi, uko salama?", maana wazee wetu wanavumilia kimya mpaka wanazimia, hawataki kumsumbua mtu.

Injini ikipunguza sauti katikati ya mkondo usishtuke, nahodha anapunguza mwendo ili chombo kisiangukie wimbi kwa nguvu, hiyo ni dalili nzuri. Utasikia watu wanaleta uradi, baharia anapita kashika viti. Alafu ghafla boti inanyooka, sauti inabadilika, na mtu mmoja siku zote ndio anasema kwa sauti, "Haya, Pemba hiyo." Kisiwa kishaanza kukukinga tena.

Hatua ya 9: Mkoani

Usisimame mpaka kamba zifungwe. Wote wanasimama, we kaa, chombo kinagonga gati mara mbili tatu na ngazi ina maji na matapishi. Gati ni refu na hakuna pa kujikinga, koti la mvua livae ukiwa bado ndani.

Nje utakuta daladala za Chake Chake, namba 603, na gari za kukodi. Chake ni kama kilomita 30, Wete na Konde unaunganisha pale Chake. Mzigo ukipandishwa juu ya gari simama uangalie turubai limefunika ndoo yako pia siyo za wenzako tu. Na kabla ya gari kama unatetemeka kunywa chai ya moto pale nje, yenye sukari nyingi, dakika kumi. Barabara ya Pemba ni vilima na kona, na tumbo lililotoka baharini likipelekwa moja kwa moja kwenye kona za Mtambile linaanza upya.

Hatua ya 10: kurudi

Usiku kabla ya kurudi angalia upepo tena, usitegemee ulioangalia wiki iliyopita. Wazee watakubebesha chakula cha asubuhi, mkate wa kumimina na mchuzi, kula kidogo uwaambie nyingine utakula njiani, hawatakubali lakini jaribu. Dawa meza kabla hujatoka nyumbani, kwa sababu safari hii tofauti na ile ya kwenda: dakika chache tu baada ya kuondoka Mkoani boti ishatoka kwenye kinga ya Pemba na kishindo kimeanza, huna ile saa ya raha ya kujiandaa. Msalani nenda ukiwa bado gatini. Kiti nyuma kabisa safari hii, mbele kutakuwa kama kupanda punda wa Micheweni asiyefundishwa, na weka kanga iliyokunjwa mgongoni.

Kipande kibaya ni saa moja na kitu, zaidi kidogo boti ikipunguza mwendo. Angalia saa mwanzoni ili ujue imebaki ngapi, inasaidia kuliko unavyofikiria. Mnara wa Nungwi ukipita kushoto wimbi linaanza kupungua, na ukiiona Tumbatu mkono huo huo wa kushoto mtoto mwamshe ale ndizi yake, kutoka hapo mjini bado kama saa nzima na maji yatakuwa yametulia.